Neno la Kutafuta: Tausi

Jumapili, Sofu, Kibaha, mvua.

Imenyesha tangu alfajiri, mvua ile isiyo na haraka, na umeme umeshakatika na kurudi. Nguo za wiki nzima zimekaa kwenye beseni. Mama amelala chumbani kwake, mlango wazi, na mimi nimekaa sebuleni na kompyuta mapajani nikisikiliza anavyopumua. Naandika hapa kwa sababu tangu Jumatano naogopa, na sijui nimweleze nani kwamba mtu mzima kama mimi, mwenye watoto waliokwisha kuoa, anaogopa faili.

Wanaonisoma siku nyingi wanaijua kazi yangu. Kwa mgeni nitasema kwa ufupi. Ofisi yetu ni ndogo, iko Kibaha mjini, na kazi yetu ni kuskani nyaraka za zamani. Makasha tunayoyashughulikia mwaka huu yametoka Kisarawe, na mengi ni ya miaka ya ujamaa: barua, kumbukumbu za mikutano, ramani, hesabu za korosho, karatasi zilizoliwa na mchwa mpaka unaona mkono wako upande wa pili. Tukishaziingiza kwenye kompyuta, anayetaka kitu anaandika neno, anapata. Mimi ndiye ninayeijaribu hiyo programu ya kutafuta kabla hatujamkabidhi mteja.

Ofisini wanasema mimi ni mbishi. Ni kweli. Programu inayokuletea majina ya faili tupu, moja chini ya jingine, mimi siipitishi. Jina la faili linamwambia nani nini? Nataka chini ya kila jina nione mstari mmoja au miwili ya maneno yaliyolizunguka neno langu, na neno lenyewe limepakwa njano, nijue kabla sijafungua kama ndicho ninachokitafuta. Nataka alama pembeni inioneshe kama ni barua iliyochapwa, jedwali, picha au sauti. Na zaidi ya yote nataka programu iseme ukweli kuhusu isichokiweza. Ikikuta ramani isiyo na maandishi ndani, iseme sijaisoma hii. Inayopita kimya kimya juu ya faili isiyoielewa ni mwongo, na mwongo simpitishi.

Wiki iliyopita tuliletewa toleo jipya, lililofundishwa kusikiliza. Unaipa faili ya sauti, inasikiliza, inaandika ilichosikia, na maandishi hayo yanaingia kwenye utafutaji pamoja na mengine. Ndani ya makasha kulikuwa na kanda za sauti, zile kubwa za magurudumu. Nadhani kuna mtu alikuwa akizunguka vijijini kurekodi mikutano ya hadhara. Tulikwisha kuzipeleka Dar zikageuzwe kuwa faili. Mimi nikasema mashine hii haitaelewa Kiswahili cha wazee wa kwetu Gwata, huko huko Kisarawe, hata wakirudia mara kumi. Happy, binti wa Bukoba ninayekaa naye meza moja, akanijibu bila kuinua macho, "Mama Rama, jaribu tu kwanza. Ubishi baadaye."

Nikajaribu.

Huwa naanza na jina langu mwenyewe, Tausi. Sababu ni kwamba najua halimo. Programu ikisema limo, basi inabahatisha, na mimi nimeshalipata kosa kabla ya chai. Toleo la zamani lilikuwa linanijibu vizuri: Hakuna kilichopatikana. Jumatano hii likatokea tokeo moja, na pembeni yake alama ya spika. Chini yake mstari ulisomeka hivi:

"...lori litafika Jumatatu, kila kaya iwe tayari... Tausi njoo nikushike kichwa [kelele] ...sasa ndugu wananchi..."

Jina langu lilikuwa limepakwa njano, kama nilivyoagiza mwenyewe.

Jina peke yake lisingenisumbua. Kina Tausi wako wengi pwani hii. Ni yale maneno yaliyofuata. Njoo nikushike kichwa ni maneno ya mama yangu. Sijawahi kuyasikia kwa mtu mwingine. Aliniambia mimi, aliwaambia kaka zangu, akaja kuwaambia wanangu, na mwaka jana alimwambia fundi bomba aliyekohoa sebuleni kwetu, na yule kijana wa watu akainama kweli. Anakuwekea mgongo wa mkono kwenye paji la uso, halafu shingoni, amefumba macho. Hajawahi kusubiri mtu aseme anaumwa.

Ila jina la Tausi hajawahi kulitamka. Hilo ndilo lililonifanya nikae dakika nzima nikitazama kioo cha kompyuta. Mimi nimerithi jina la bibi mzaa baba, Bi Tausi, na mama ni mkaza mwana. Jina la mkwe wake hawezi kulitaja. Nyumba nyingi kwetu ndivyo zilivyo. Hivyo tangu nizaliwe mama ananiita Mkwe. Mkwe, leta maji. Mkwe, umefeli tena hesabu. Nilipoanza shule mwalimu aliniita Tausi nikabaki nimekaa, wenzangu wakanicheka. Bibi alifariki nikiwa bado msichana mdogo, na mama akaendelea na Mkwe yake, nami nikawa najivunia. Niliwasimulia watu: mama yangu ana heshima mpaka kwa marehemu.

Nikavaa spika za masikioni, nikafungua.

Programu hii inapofungua sauti inakuonesha maandishi upande mmoja, na kila neno linawaka linapotamkwa. Kulikuwa na mwanamume mwenye sauti nzuri, yuko karibu na kinasa sauti. Anaongea kwa upole. Anasema huko mnakohamia kutakuwa na shule, kutakuwa na zahanati, maji yatakuwa karibu. Anasema lori ni Jumatatu na kitakachobaki kimebaki. Kuku wanalia. Halafu nyuma yake, mbali, mwanamke anaita. Tausi, njoo nikushike kichwa.

Alikuwa mama. Sisemi sauti iliyofanana na ya mama. Ni yeye, ila akiwa hajachoka.

Kisha ikaja ile sehemu ambayo programu ilikuwa imeandika kelele. Maandishi yalisimama, hakuna neno lililowaka, na masikioni mwangu mtoto wa kike akaitika, "Abee." Akakohoa. Yule bwana akaendelea na ndugu wananchi.

Nilivua zile spika kama zinaniunguza. Happy akaniuliza, "Vipi, umeona jini?" Nikamwambia vumbi la makasha. Nikaenda kuitafuta kanda yenyewe kwenye rafu, nikasoma mwaka ulioandikwa ubavuni mwa kasha lake. Mwaka huo mimi nilikuwa bado sijazaliwa.

Kwa hiyo kabla yangu kulikuwa na Tausi mwingine, na mama alikuwa anamwita kwa jina, kwa sauti, mbele ya kadamnasi na serikali.

Alhamisi na Ijumaa sitaki hata kuzikumbuka. Ile abee nilikuwa naisikia kila mahali pasipo na kelele: bafuni, ngazini, kwenye birika kabla maji hayajachemka. Haikuwa sauti ya kutisha. Ilikuwa sauti ya mtoto aliyelelewa vizuri, aliyeacha mchezo wake akaitika, na hilo ndilo lilikuwa linanitisha. Ijumaa nilikwenda benki, karani akaita Tausi, nikageuka nyuma kutazama nani atasimama. Watu wote walikuwa wananitazama mimi.

Nilitafuta, bila shaka. Ndiyo kazi yangu. Niliandika makaburi, ikanijia taarifa ya barabara ya Maneromango na bajeti ya ukuta. Niliandika homa, yakaja mambo ya chanjo ya kuku. Niliandika mtoto, yakaja matokeo kurasa kwa kurasa, yote hotuba, neno mtoto limepakwa njano kila mahali na hakuna mtoto hata mmoja. Jina la baba lilitokea pamoja na wengine waliopewa majembe. Nikafungua ramani ya upande wa Gwata. Ilikuwa picha tupu, na programu ikaniambia kwa uaminifu kwamba haikusoma maandishi yoyote ndani ya faili hii. Nikaikuza kwa macho yangu. Kijiji kipya kimechorwa kwa viboksi vilivyonyooka. Mahali walipotoka watu pameachwa peupe.

Jana Jumamosi nilikuja na ile faili ya sauti nyumbani, kwenye simu. Sikuwa nimepanga kumsikilizisha mama. Moyo wake si mzima tangu mfungo wa Ramadhani, na daktari alisema asipewe habari za ghafla. Nilibishana na nafsi yangu njia nzima. Nikimuuliza naweza kumuua. Nisipomuuliza ataondoka nalo, na yule mtoto atakuwa hana mtu duniani anayejua kwamba alikuwepo, isipokuwa mimi na programu iliyomwita kelele.

Baada ya sala ya alasiri nilikaa kitandani kwake nikimkanda miguu kwa mafuta ya nazi. Kitanda chake kiko chini ya dirisha la magharibi, mvua ikipiga upande huo inamlowesha, na kila tukitaka kukisogeza anakataa. Nikamuuliza kwa nini hajawahi kuniita Tausi.

"Jina la mkwe halitajwi," akasema. Jibu la siku zote.

"Na yule wa kwanza ulikuwa unamwitaje?"

Mguu wake ukakakamaa mkononi mwangu. Nikaanza kumhesabia pumzi. Mwishowe akauliza nani kaniambia. Nikamjibu, "Wewe mwenyewe, mama. Nimekusikia."

Hakushangaa. Hilo nalo limenikaa. Alinisimulia akiwa anatazama dirishani, bila kulia, kana kwamba alikuwa anangoja kuulizwa tu.

Alikuwa kifungua mimba wake. Bibi alifurahi kupata wa jina lake mpaka akampa mama doti ya kanga na kumwambia, nimekufungua mdomo, mwite mjukuu wangu majirani wasikie. Mama akawa anaita. Siku ya ule mkutano mtoto alikuwa na kikohozi tu. Jumatatu lori lilikuja na mvua ikaja nalo. Waliteremshwa mahali palipopigwa vigingi na kamba, hapana paa, wakalala chini ya majani waliyoyakata wenyewe. Kikohozi kikawa homa. Zahanati ilikuwa bado ni maneno. Mtoto alifariki kuta hazijakandikwa.

Pale kijijini hapakuwa na makaburi bado. Hakuna wa kwetu aliyewahi kulazwa kwenye udongo ule, na baba hakutaka mtoto wake awe wa kwanza, peke yake. Akambeba mikononi, yeye na kaka yake, wakarudi kwa miguu kule walikotolewa, wakamlaza karibu na kaburi la babu. Mama hakwenda. Wanawake hawaendi kuzika. Alibaki amekaa kwenye mkeka akimtazama baba anaondoka na jua likiwa mgongoni kwake.

Baba alikufa bila kumwonesha lile kaburi. Mama hakumuuliza. Alisema angemuuliza ingekuwa kama kumlaumu, na baba alikuwa anajilaumu vya kutosha. Baba mkubwa alishatangulia. Njia ikaota miti, baadaye watu wengine wakalima huko. "Mimi najua upande tu," mama akasema, na kidevu chake kikaelekea magharibi, kwenye dirisha ambalo kila masika nataka kumhamisha chini yake.

Nilipozaliwa mimi, bibi akasema jina lirudi. Mkaza mwana hawezi kukataa. Ila mama alipojaribu kuniita, alisema, mdomo ulijifunga wenyewe, na watu wakadhani ni heshima, akawaacha wadhani.

Nitaandika na hili, hata kama nitaona aibu kesho. Nilikasirika. Nilikaa pale na mikono yenye mafuta nikajiona nguo iliyokwisha kuvaliwa na mtu mwingine. Nikamwonea wivu mtoto mgonjwa aliyelala kwenye majani, kwa sababu aliitwa na mimi sikuitwa. Ilichukua muda mpaka nikaona kwamba kila aliponishika kichwa miaka yote hii, wale waliokuwa chini ya mkono wake walikuwa wawili, na hapo hasira ikaniishia.

Mama akauliza, "Hiyo uliyoisikia, unayo?"

Nikamkumbusha maneno ya daktari.

"Daktari ana mama yake. Weka."

Nikaweka. Yule bwana wa mkutano alipoanza, mama akaguna, "Huyu alikuwa na viatu vizuri." Ilipofika sauti yake mwenyewe hakuitambua, alikunja uso akauliza ni nani huyo anapiga makelele watu wakiongea. Kisha akaja yule aliyeitika.

Mkono wa mama ukanyanyuka kutoka kwenye shuka. Ukageuka, mgongo wa mkono mbele, ukasogea hewani pembeni ya kitanda, ukasimama mahali ambapo kingekuwa kichwa cha mtoto wa miaka minne hivi aliyesimama. Akafumba macho. Nilitazama pale chini ya mkono wake na nilikuwa na hofu ya kweli kwamba nitaona kitu.

"Ana joto," akasema.

Nilitaka kuzima. Akakataa, akataka irudiwe, na tukairudia hivyo hivyo mpaka chaji ya simu ikaisha. Wala hakupatwa na lolote. Alikula uji wote, akalala usingizi mzito kuliko mimi.

Leo tangu asubuhi hajasema neno juu ya hilo. Nimempikia, nimemfutia dirisha, tumeongelea bei ya sukari. Amelala tena sasa. Nami nimekuwa nikifikiria kazi ya kesho.

Programu ina nafasi ya kusahihisha. Pale ilipokosea kusikia unafuta neno lake unaandika lako, na kuanzia hapo atakayetafuta atalipata. Nimejiuliza sana kama nina haki. Nikiliacha lilivyo, yeye ni kelele kati ya mabano, na hakuna mtu atakayemsumbua. Nikisahihisha, mtu yeyote aliyekaa popote anaweza kuandika neno moja akamkuta, amepakwa njano, anaitika. Nimeamua kusahihisha. Kesho nitafuta kelele, niandike abee. Na mvua ikikatika nitakwenda Gwata kuwauliza wanaolima huko kama wamewahi kukutana na kaburi la mtu mzima na dogo pembeni yake. Huenda hawajui. Hakuna kilichopatikana ni jibu nililozoea, ila hili nataka kulisikia kwa mdomo wa mtu.

Nilikuwa nimefika hapo, nataka kufunga kompyuta, mama akaita kutoka chumbani.

"Tausi."

Vidole vyangu vikasimama. Mvua ilikuwa imepungua kidogo. Sikujua kama ameamka au anaota, na sikujua anamwita nani. Akaita tena, kwa ile sauti ya kwenye kanda, au iliyobaki yake.

"Tausi, njoo nikushike kichwa."

Nikangoja kidogo, maana dada mkubwa ndiye huitika kwanza.

Kisha nikaitika, "Abee," nikaenda nikainama.